Ukitaka kuwaandikia watoto, anza na kurasa

Kabla ya kumtafuta mchapishaji, kunja karatasi za A4 katikati, zipige pini, upange hadithi yako humo. Kitabu cha pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4: 16, 24, 32. Ukiwa na 18, utakata mbili au utalipia kurasa tupu.

Halafu isome kwa sauti mbele ya watoto wa wenzako. Wako watakusifu tu ili mmalize. Mimi huwasomea wa mtaani kwetu Tandika, Dar es Salaam, jioni, kibarazani. Kicheko sikihesabu, maana wanachekana wenyewe kwa wenyewe. Naangalia ni wapi mmoja anaanza kuchokonoa kandambili yake. Hapo pana cha kukata. Aya nzima ya jua kuchomoza iliondoka hivyo, mamba akaingia mapema.

Fedha? Usiache kazi. Mrabaha, yaani malipo ya mwandishi, ni asilimia ya mauzo na huja kwa msimu, wala si kila mwezi. Mkataba useme wazi: asilimia ya bei ya dukani, au ya kile mchapishaji anachopokea baada ya punguzo la wauzaji? Tofauti utaiona kwenye hundi. Na mchoraji naye ana chake, tena ni haki yake. Watoto hununuliwa kitabu kwa jalada.

Ukijichapishia, ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, iombe Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukilenga shule, andaa nakala za kuombea ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni, Taasisi ya Elimu Tanzania, na subira.

Ukialikwa shuleni kusoma, ulizia nauli mapema. Soda utapewa bila kuomba.