Somo: Sandwichi za nyama ya shingo, nusu kilo inatoa sita

Habarini wapendwa. Leo tunapika sandwichi za nyama ya ng'ombe zile unaweza fungia watoto ama ubebe job, na naandika vipimo vyote kwa sababu resipe ya "weka chumvi kiasi" inasaidia tu mtu ambaye tayari anajua kupika.

Ukienda bucha, iwe soko la Burma Nairobi ama hapo kwenu mtaani, wachana na steki. Itisha shingo ama kidari, iko chini kidogo kwa bei na kwa hii kazi ni tamu zaidi. Hiyo ni misuli imefanya kazi maisha yote ya ng'ombe so iko na utando mgumu kati ya nyuzi za nyama, lakini ukiiweka moto mdogo muda mrefu huo utando unayeyuka na mchuzi unakuwa mzito bila unga wowote. Steki ukiifanyia hivo inakauka tu.

Unahitaji nyama nusu kilo bila mfupa (mfupa beba, ni supu ya kesho), vitunguu 2, nyanya 2 zimeiva, kitunguu saumu punje 4, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko, mafuta vijiko 2 vya kula, maji moto vikombe 2. Ya juu ni kabichi kidogo, karoti 1 na nusu ndimu. Slesi 12 za mkate na majarini ya kupaka.

Hatua ya 1. Katakata nyama vipande vikubwa, ipanguze maji hadi ikauke, hii msiruke. Nyama ikiwa na maji itachemka badala ya kukaangika.

2. Mafuta yakishika moto weka nyama bila kujaza sufuria, dakika 4 kila upande, usiiguseguse, hadi ishike rangi ya kahawia. Itoe.

3. Kaanga vitunguu hapo hapo, saumu, nyanya, na ukwangue ile rangi imeshika chini ya sufuria, utamu wote uko hapo. Rudisha nyama, chumvi, pilipili, maji. Funika, moto mdogo kabisa, saa mbili na nusu. Presha kuka ni dakika 45.

4. Dunga uma uzungushe, ikiachana yenyewe imeiva. Ichambue na uma mbili, irudishe kwa mchuzi, chemsha bila kifuniko hadi ukipitisha mwiko chini unaacha njia na mchuzi haukimbilii kuifunga. Ikiwa majimaji mkate utalowa.

5. Paka majarini slesi zote, weka nyama, kabichi na karoti iliyokamuliwa ndimu, bonyeza, kata.

Sasa hii mambo ya vipimo. Resipe za zamani kabisa tuko nazo ni vibao vya udongo vya Babeli, kama miaka 3,700 iliyopita, viko chuo cha Yale huko Marekani. Vingi ni mchuzi wa nyama na vitunguu na saumu, lakini havisemi kiasi wala muda, maana aliyesoma alikuwa anajua kazi. Ni Eliza Acton wa Uingereza mwaka wa 1845 alianza kupanga viungo na kiasi na muda wa kupika kando ya maelezo, halafu 1896 Fannie Farmer wa Boston akasisitiza kijiko kisawazishwe juu. Hawa wawili nawaheshimu sana, waliandikia msichana ambaye hana mama wa kumsimamia jikoni. Tafadhali ukipika andika kwa kaunta buku vile ulifanya, na kiasi.

MASWALI

Dada, gesi saa mbili na nusu si itaisha?
Tumia makaa mamii, ama pika kilo nzima mara moja na ugandishe nusu. Ukiwa na presha kuka hata usifikirie.

Sina friji, ya asubuhi itafika saa saba?
Hapana. Nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa mbili. Beba kwa flaski ya chakula ikiwa moto sana, mkate kando, uunganishe huko.

Naeza tumia nyama ya kusaga?
Inaiva dakika 20 na inafaa, tumia kikombe kimoja cha maji. Lakini haitakuwa na zile nyuzi za kuvuta, kwa hivyo ongeza hoho moja iwe na kitu cha kutafuna.

Hao Wababeli walikuwa na sandwichi?
Kwenye hivyo vibao hakuna, ni mchuzi zaidi na ndege wachache. Mkate walikuwa nao lakini.