Kusaka maeneo ya wazi mtaani kwako kwa ramani: simu na laptop vinatosha

Aisee watu wakisikia ramani wanadhani mpaka uwe afisa mipango miji, sio kweli, mi natumia laptop ya zamani na bando la kawaida tu na kazi inaenda. Mfano wangu ni Dar maana ndo naijua, na pia Dar tuna bahati, tangu 2015 wanafunzi na wakazi kupitia mradi wa Ramani Huria walichora nyumba, mifereji na barabara za kata nyingi kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, kwa hiyo huanzi na karatasi nyeupe.

Fungua Overpass Turbo, tovuti ya kutafuta vitu vilivyochorwa OpenStreetMap, bonyeza Wizard, andika leisure=park (bustani), halafu rudia na leisure=pitch (viwanja vya michezo). Utapata vichache, usikate tamaa, pale watoto wanapopigia chandimu kila jioni mara nyingi hapajachorwa kabisa. Ndo maana lazima utoke.

Tengeneza fomu KoboToolbox, zana ya kukusanya taarifa kwa simu, ni bure na inajazwa hata bila mtandao: panaitwaje, kuna kivuli, taa, maji yanatuama, nani yupo hapo na anafanya nini. Hilo la mwisho ndo lenye uzito. Nenda saa nne asubuhi, rudi saa kumi na moja jioni, nenda tena Jumamosi, sababu sehemu ile ile asubuhi ni ya mama ntilie, mchana kijiwe cha boda, jioni uwanja wa mpira. Hesabu wasichana na wazee pia, ukikuta wavulana peke yao jiulize kwa nini. Picha ya setilaiti itakwambia hapo ni patupu, na ni uongo.

Sasa QGIS, programu ya ramani ya kwenye laptop, nayo bure. Ingiza data zako, lakini kabla ya kupima chochote badilisha projeksheni, yaani mfumo wa vipimo vya ramani, itoke digrii iwe mita: kwa Dar ni UTM 37S, EPSG:32737. Usiruke hii! Mi mara ya kwanza niliacha digrii, nikachora duara la umbali (buffer) kuzunguka uwanja, nikaandika 400 nikijua ni mita, duara likafunika dunia nzima na laptop ikaganda 😂

Kwa nini 400? UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, wanatumia mita 400 za kutembea kupima kama mtu anafikia eneo la wazi, kama dakika tano hivi kwa miguu. Kutembea lakini, sio kuruka kama kunguru. Duara litakwambia mtu wa ng'ambo ya Mto Msimbazi yupo karibu na uwanja wakati kivuko kiko mbali huko, kwa hiyo tumia zana ya Service Area ya humo humo QGIS, inayofuata njia. Hakikisha tu vichochoro vimechorwa, la sivyo kompyuta itaamini watu wamefungiwa ndani.

Weka nyumba za OpenStreetMap juu yake. Pale nyumba zimebanana na hazijafikiwa na zile mita 400 ndo pa kuanzia kutafuta eneo jipya la wazi. Usiote bustani kubwa, tafuta vidogo: kona ya njia panda, uwanja wa shule unaoweza kufunguliwa baada ya masomo, kiwanja cha serikali ya mtaa kilichojaa takataka. Bondeni kama Jangwani kiwanja cha mpira sawa, ila ukijenga vya kudumu mvua ya masika itakuja kuchukua chake.

Halafu umiliki. OpenStreetMap haikwambii kiwanja ni cha nani, hata kidogo. Nenda halmashauri uombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lako, unaweza kukuta palipochorwa eneo la wazi leo pana fremu za maduka, au unachokiita cha umma kina hati ya mtu. Na tafadhali usichore kwenye OpenStreetMap bustani unayoitamani, kule vinaingia vilivyopo tu. Mapendekezo yaweke uMap, tovuti ya kutengeneza ramani yako mwenyewe, unapata linki ya kurusha kwenye grupu la mtaa.

Mwisho printi kubwa, A1 ukiweza, mwone mwenyekiti wa mtaa mapema akupe nafasi kwenye mkutano, tandika ramani mezani na uwape watu kalamu. Usianze kuhutubia, waulize tu nyumba yako iko wapi. Mtu akishaiona nyumba yake haondoki hapo, ataanza kukurekebisha, hapa njia ilishazibwa, pale usiku hapapitiki, na wewe kazi yako ni kuandika.