Kabla Jeki Haijaingia: Kubadilisha Shoki za Subaru Kongwe Hapa Malindi

Mwezi mzima gari langu, Impreza WRX ya 2004, liligonga ko-ko-ko upande wa kushoto kila nilipopita tuta. Nikanunua shoki mbili mpya za mbele, zile za kutuliza mrusho wa gari, fundi akazifunga, na tuta la kwanza nje ya gereji likanijibu vilevile: ko-ko-ko. Kumbe kilichokufa ni bushi, mpira wenye chuma ndani, wa upande wa nyuma kwenye mkono wa chini unaounganisha gurudumu na fremu. Mpira ulikuwa umechanika hata chuma cha ndani kikicheza kama jino bovu. Shoki za zamani hazikuwa nzuri, ni kweli, lakini pesa ya kwanza ilipaswa kwenda kwenye bushi. Tangu hapo naamini kazi hii huharibika au hutengemaa kabla gari halijainuliwa.

Basi anza kwa kujua kilichochoka. Usitegemee kule kubonyeza boneti na kuhesabu gari limeruka mara ngapi, kwa sababu shoki iliyochoka nusu hupita mtihani huo bila shida. Itazame kwa tochi. Ukiona mwili wake umelowa mafuta, na mafuta yameshika vumbi hadi kuwa tope jeusi, sili, mpira unaozuia mafuta yasivuje, imekwisha. Pitisha kiganja juu ya tairi: ukihisi vilima na mabonde, tairi limekuwa likirukaruka badala ya kukanyaga lami. Kisha ingiza mtaimbo kati ya mkono na fremu, usukume polepole huku mwenzako akimulika. Bushi iliyopasuka hujionyesha papo hapo. Boljointi (viungio vya duara), linki za stebilaiza (fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona) na mauntingi za juu (vishikizo vya shoki kwenye bodi) zijaribiwe siku hiyohiyo. Mwenye STI, toleo kali zaidi la Impreza, ya kizazi hiki ajue pia kwamba shoki zake zimefungwa juu chini, nazo hutoa mlio wa kugonga grisi ya ndani ikikauka hata kama hazijaisha. Huenda anachohitaji ni grisi tu.

Kwenye kununua, mpe muuza spea namba ya chesisi, usimpe jina la gari pekee, maana Impreza mbili za sura moja zinaweza kuwa na shoki tofauti. Nunua jozi, kushoto na kulia. Ukiletewa zilizotumika kutoka Japani, pitisha ukucha kwenye fimbo yake inayong'aa; ukucha ukikwama kwenye kitundu cha kutu, irudishe, itakata sili ndani ya muda mfupi. Mauntingi, raba za kuzuia shoki isigonge mwisho na vifuniko vya vumbi ununue pamoja na shoki. Ni vitu vya bei ndogo, na ukivirudisha vya zamani utalipa ufundi mara mbili.

Vijana wengi wakishafungua hutaka kuteremsha gari, likae chini zaidi kwa springi fupi. Nawaomba wasifanye hivyo. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Richard Burns ile ya 2000, wote kwa Impreza, na magari ya Safari yalikuwa yakiinuliwa, hayakuteremshwa. Sisi tuna matuta yaliyojengwa bila kipimo na njia za changarawe ukitoka lami tu. Springi za urefu wa kiwandani zinatosha.

Sasa chumvi. Hapa ndipo kazi ya saa tatu inapogeuka ya siku tatu. Upepo wa bahari unakula chuma mwaka mzima, na gari lililozoea safari za Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, lina hali mbaya zaidi. Zile bolti ndefu za mikono ya nyuma hung'ang'ania ndani ya bushi hadi zikawa kitu kimoja, ukizilazimisha zinakatika. Siku mbili kabla, sugua kila nati kwa brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, rudia asubuhi na jioni. Na uwe na bolti na nati mpya mkononi, za ugumu uleule wa kiwandani, si za dukani zinazofanana tu. Bolti ya juu, kati ya zile mbili zinazoshika shoki ya mbele kwenye nako (chuma kinachobeba gurudumu), ndiyo inayoamua mlalo wa gurudumu. Ichore mstari kabla ya kuigusa, ujue irudi wapi. Mimi huazima rangi ya kucha ya mke wangu, maana haifutiki kwa mafuta ya kutu upesi kama chaki.

Tazama pia gari litasimama wapi. Gereji nyingi zetu ni mchanga, na jeki huzama mchangani taratibu bila kukuarifu. Weka ubao mnene chini yake. Usiweke gari juu ya mawe ya matumbawe tunayojengea nyumba, kwani huonekana magumu, kisha humomonyoka ghafla. Tumia stendi za chuma, na gurudumu lililofunguliwa lilazwe chini ya gari kama akiba ya uhai.

Ili springi itoke kwenye shoki lazima ibanwe kwanza, na springi iliyobanwa inaweza kuua. Uliza fundi atabana kwa kifaa gani. Akikuonyesha waya au kamba, ondoka na gari lako. Kama hana vibanio viwili vizima, peleka shoki na springi kwa mwenye navyo, wewe ubaki na gari.

Kuna mambo mawili ya kukubaliana na fundi mapema. La kwanza, nako isiachwe ikining'inia kwa hosi ya breki au waya wa ABS. Ifungwe kwa kamba. La pili husahaulika zaidi: bolti za bushi zikazwe mwisho magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari. Ukizikaza gari likiwa juu, mpira unafungwa ukiwa umesokotwa, na bushi mpya itachanika mapema. Paka grisi shina la bolti, nyuzi ziache safi.

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine, ipangwe kabla ya siku yenyewe. Piga simu, uulize kama mashine inafanya kazi na kama umeme upo. Usiondoke hivyohivyo kwenda Mombasa, kilomita kama 120, magurudumu yakiwa yamepinda. Yatakula tairi njiani.

Siku ya kwanza nenda Gede na kurudi, redio imezimwa, madirisha wazi, ukipita kila tuta kwa mwendo wa pole na kusikiliza upande mmoja baada ya mwingine. Ukirudi, acha gari lipoe, kisha ingia chini na spana uguse kila nati uliyofungua.