Jinsi ya kumkatia mbu njia ya dengue, chikungunya na Zika: anza na mgonjwa, halafu sugua ndoo

Wengi wetu tukisikia mbu akili inaenda moja kwa moja kwenye malaria, usiku, chandarua, basi. Ila anayebeba virusi vya magonjwa ya dengue, chikungunya, Zika na homa ya manjano ni mwingine kabisa, anaitwa Aedes, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, na huyu anauma mchana, hasa asubuhi jua likishachomoza na jioni kabla giza halijaingia. Kwa hiyo ukitegemea chandarua cha usiku peke yake ujue huyu hujamgusa.

Kwanza jua virusi vinapitaje. Anayeuma ni mbu jike tu, anatafuta damu ili atunge mayai. Akimuuma mtu mwenye virusi kwenye damu, vile virusi vinaingia tumboni kwake, vinazaliana, vinasambaa mwilini mpaka vinafika kwenye tezi za mate, na safari hiyo kwa dengue inachukua kama siku 8 hadi 12, joto likiwa kali inafupika. Baada ya hapo kila akiuma anaacha mate yenye virusi, na anabaki hivyo mpaka anakufa. (Hapo ndo utaelewa kwa nini mbu haambukizi virusi vya UKIMWI, vyenyewe vinamalizwa tumboni mwake, havizaliani wala havifiki kwenye mate.) Halafu Aedes anashtuka upesi, ukijitikisa tu anahamia kwa aliyekaa pembeni yako, kwa hiyo mbu mmoja anaweza kuangusha watu kadhaa wa nyumba moja.

Sasa hatua ya kwanza, na hii ndo watu wanairuka kuliko zote: mlinde aliyeugua asiumwe tena. Najua inasikika ajabu maana yeye ameshaumwa tayari, lakini fikiria, mbu anavitoa wapi virusi kama sio kwake? Kwenye dengue virusi vinakuwa kwenye damu kuanzia kama siku 2 kabla ya homa hadi siku 5 hivi baada ya homa kuanza. Hiyo wiki ya kwanza mlaze ndani ya chandarua hata saa sita mchana, mpake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET au picaridin, avae nguo ndefu, madirisha yawe na wavu. Mbu akishindwa kumfikia yeye hana cha kumpelekea mtoto wa jirani. Na ukitoka safari sehemu yenye mlipuko, hata kama unajisikia mzima, endelea kupaka dawa kama wiki 3, kwa sababu wapo wengi tu wanaobeba virusi bila dalili yoyote.

Hatua ya pili ni maji, na hapa nitakaa kidogo. Aedes hapendi mabwawa makubwa wala mito, anapenda vyombo: pipa, ndoo, tairi, kifuu, sahani ya chini ya chungu cha maua, chombo cha maji ya kuku, mfereji wa paa ulioziba na majani. Hatagi mayai majini, anayabandika ukutani mwa chombo juu kidogo ya usawa wa maji, yanaganda pale, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa, siku maji yakiyafikia yanaanguliwa. Ndo maana kumwaga maji tu hakutoshi jamani, lazima usugue kuta za ndani kwa brashi ngumu ndo ujaze upya. Fanya hivyo kila wiki, usisubiri mwezi, kwa sababu kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10 hivi, ukisugua ndani ya wiki unawakuta bado viluwiluwi. Tangi usiloweza kumwaga lifunike mpaka lisiwe na upenyo, matairi toboa au weka chini ya paa.

Ile dawa ya moshi inayopulizwa mtaani inaua mbu wanaoruka saa ile, mayai kwenye pipa hayajui kama kuna kitu kimepita. Na kwa kuwa Aedes haruki mbali, kwa kawaida ni mita mia chache tu, aliyekuuma leo huenda kazaliwa uani kwako au kwa jirani, kwa hiyo kubalianeni siku moja msugue nyumba zote pamoja.

Usiseme magonjwa haya kwetu hayapo. Zika iligunduliwa Uganda mwaka 1947, miaka ikapita kimya, 2015 ikalipuka Brazil na watoto wa mama walioambukizwa wakiwa wajawazito wakazaliwa na vichwa vidogo. Chikungunya ilitambuliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1952, 2004 ikazuka pwani ya Kenya ikavuka hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, na huko kirusi kikabadilika kidogo kikamudu vizuri mbu mwingine, Aedes albopictus, ambaye mayai yake yameshasafiri dunia nzima ndani ya matairi yaliyotumika. Kwa hiyo mjamzito ndo ajilinde zaidi, na ajue Zika inapita hata kwa kujamiiana.

Mtu akipata homa kali na maumivu ya viungo au nyuma ya macho, apimwe, malaria pia ipimwe. Mpe paracetamol kwa kipimo chake na maji mengi, usimpe aspirin wala ibuprofen mpaka ijulikane sio dengue, zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Na homa ikishuka usishangilie haraka, kwenye dengue siku hizo ndo za kuangalia sana: tumbo kuuma vibaya, kutapika kusikoisha, fizi kutoka damu, kuhema kwa shida au kulegea. Ukiona hata moja nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kesho.