Jinsi ya Kuhamishia Santuri za Mwanzo za Nyimbo za Hoagy Carmichael Kwenye Kompyuta kwa Mwendo Sahihi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu wa muziki aliyetaka wanafunzi wake walinganishe "Star Dust" ya mwaka 1927 na zile zilizofuata. Hoagy Carmichael, aliyezaliwa Bloomington, Indiana, mwaka 1899, anafaa sana kwa somo la namna hii, kwa kuwa wimbo wake huo ulibadilika sura ndani ya miaka michache tu, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo imo katika mwendo. Anayehamisha santuri hizi kwa mwendo usio sahihi anaharibu jambo lenyewe analotaka kulisikia.

Hatua ya 1: Tambua rekodi uliyo nayo

Kwa kuanzia napendekeza "Riverboat Shuffle", iliyorekodiwa na bendi ya Wolverines tarehe 6 Mei 1924, Bix Beiderbecke akipiga koneti; "Washboard Blues" ya bendi ya Paul Whiteman, iliyorekodiwa Chicago Novemba 1927, ambamo Carmichael mwenyewe anaimba na kupiga piano; na "Star Dust" ya tarehe 31 Oktoba 1927. Hii ya mwisho, pamoja na ile ya Wolverines, ilirekodiwa katika studio ya kampuni ya santuri ya Gennett mjini Richmond, Indiana. Haina maneno, na inakwenda kwa mwendo wa kuchangamka; mashairi ya Mitchell Parish yaliongezwa mwaka 1929, na bendi ya Isham Jones ndiyo iliyoupunguza kasi wimbo huo mwaka 1930 na kuufanya wa mapenzi. Mwaka 1931 Louis Armstrong aliuimba kwa namna yake, na teki zaidi ya moja (yaani kila mara wimbo uleule uliporekodiwa) za siku aliyourekodi zimehifadhiwa.

Kwa sababu hiyo jina lililo kwenye lebo halitoshi. Gennett ilitoa rekodi zake pia kwa lebo yake ya bei nafuu, Champion, na mara nyingi bendi ilipewa jina la kubuni. Tazama namba iliyochongwa kwenye santuri yenyewe, karibu na lebo, pamoja na herufi au tarakimu ya teki inayoifuata, kisha uilinganishe na orodha ya mtandaoni ya rekodi za kihistoria za Marekani inayotunzwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara.

Hatua ya 2: Osha

Tumia maji safi yasiyo na chumvichumvi na tone la sabuni laini, bila kulowesha lebo. Usitumie spiriti wala kimiminika chochote chenye alkoholi, kwa kuwa huyeyusha shelaki, utomvu uliotumika kutengenezea santuri hizi.

Hatua ya 3: Sindano

Sindano ya LP (santuri za baadaye zenye mifereji myembamba) ina ncha ya takriban maikromita 18, nayo huzama hadi chini ya mfereji, mahali uchafu ulipolala. Nunua ya santuri za 78 (zinazozunguka takriban mara 78 kwa dakika), yenye ncha ya karibu maikromita 76. Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu, nunua sindano hiyo kabla ya kufikiria programu yoyote ya kulipia. Rekodi kwa stirio ingawa santuri ni ya mono, kisha uchanganye pande zote mbili baadaye: sauti ya santuri hizi imechongwa kwa kwenda kushoto na kulia, kwa hiyo kelele nyingi za juu na chini hufutika zenyewe pande hizo zinapounganishwa.

Hatua ya 4: Mwendo

Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, na ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji. Santuri huitwa "78", lakini katika miaka ya 1920 kampuni hazikufuata mwendo mmoja, na mashine nyingi za kurekodia ziliendeshwa kwa uzito ulioshuka taratibu. Usiamini namba 78 mpaka masikio na hesabu vikubaliane.

Cheza santuri kwa 78, tafuta Do ya wimbo (noti ya msingi ambayo wimbo hutulia juu yake), kisha uipime kwa kifaa cha kutunia kilichowekwa kwenye A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Nusu toni moja ni karibu asilimia 6 ya mwendo, yaani kutoka 78 hadi 82.6 ukipanda, au 73.6 ukishuka. Tuseme Do imeangukia katikati kabisa ya A na Bb (noti iliyo nusu toni juu ya A). Una njia mbili: kushusha hadi 75.8 ili iwe A, au kupandisha hadi 80.3 ili iwe Bb. Bendi za dansi za wakati ule zilikuwa na koneti, klarineti na saksafoni, ala ambazo wapigaji wake walipendelea Bb, Eb na F kuliko A, kwa hiyo mimi ningeanza na 80.3. Tofauti kati ya njia hizo mbili hubadilisha urefu wa rekodi ya dakika tatu kwa takriban sekunde kumi, na kwa wimbo ambao mjadala wake wote ni kasi, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, zingatia haya. Usichukue Do ya nota zilizochapishwa kama ushahidi, kwa sababu bendi zilihamisha nyimbo zilivyotaka. Sikiliza piano kuliko tromboni au sauti ya mwimbaji, kwa kuwa piano haiwezi kujirekebisha katikati ya wimbo. Piano ya Gennett naiamini zaidi, kwani studio ile ilikuwa mali ya kiwanda cha piano cha Starr. Pima mwanzo na mwisho wa upande, kwa kuwa mwendo ungeweza kubadilika kidogo kidogo wakati wa kurekodi. Penye uimbaji, kama katika "Washboard Blues", sikiliza irabu na mtetemo wa sauti, kisha uzilinganishe na rekodi za baadaye za Carmichael, maana mwendo ukizidi irabu hubanwa na mtetemo huharakishwa. Ukisikia sauti ikiyumba kila baada ya robo tatu ya sekunde hivi, tatizo ni tundu lisilo katikati. Kubadili mwendo hakutalitibu, bali iweke upya santuri kwenye sahani.

Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, tumia amri ya kubadili kasi peke yake, ile inayobadilisha urefu na kimo cha sauti kwa pamoja. Amri mbili zilizo jirani nayo hutenganisha vitu hivyo, na matokeo yake ni rekodi ambayo haikupata kuwapo. Kama mashine yako haina 78, rekodi kwa 45, kisha uzidishe kasi kwa 1.733.

Hatua ya 5: Toni na kelele

Zima urekebishaji wa RIAA, yaani kanuni ya kusawazisha sauti nene na nyembamba wakati wa kucheza santuri, iliyokuja miaka ya 1950. Rekodi ya 1924 ilipitia pembe, bila maikrofoni, na haihitaji urekebishaji wa namna hiyo. Punguza mipasuko kwa mkono, mmoja mmoja; programu za kufuta kelele kwa jumla zinakula koneti. Studio ya Richmond ilikuwa kando ya reli, lakini kazi ilisimamishwa treni zilipopita, kwa hiyo mngurumo unaousikia huenda unatoka kwenye mashine yako.

Hatua ya 6: Hifadhi

Weka faili ghafi ya WAV (sauti isiyobanwa) ya biti 24 bila kuigusa, na uandike katika jina la nakala iliyorekebishwa namba ya santuri, teki na mwendo uliouchagua, ili mwingine aweze kukupinga kwa ushahidi. Kabla ya kuiweka hadharani, kumbuka kwamba kwa sheria ya Marekani rekodi zilizotolewa 1924 ziliachwa huru Januari 2025, na za 1925 Januari 2026. "Star Dust" ya 1927 haijafikiwa.