Mpige Mbwa Wako Picha Hapo Hapo Uani

Kwanza shuka chini. Mimi hulala kifudifudi kwenye saruji, lenzi ikalingana na macho ya mbwa, maana ukimpiga kutoka juu anatoka kichwa kikubwa, miguu haionekani. Fanya kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi; baada ya hapo jua la Dar linakuwa kali, ulimi unaning'inia, na sakafu inamuunguza nyayo.

Mbwa wengi wa Mikocheni, mtaa wa hapa Dar, hulinda usiku na kushinda bandani mchana. Ukimfungulia, usitoe kamera. Mwache azunguke, akojoe ukutani, akunuse. Kisha shika dagaa wakavu karibu na lenzi: masikio yanasimama, kichwa kinainama upande, na hapo ndipo unabonyeza, kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, ikiwa 1/500 ya sekunde au ya haraka zaidi. Lenga jicho. Mbwa mweusi huidanganya kamera, ikaongeza mwanga mpaka manyoya yakawa ya kijivu, punguza mwenyewe.

William Wegman, Mmarekani aliyeanza kumpiga picha mbwa wake Man Ray miaka ya 1970, alifanya naye kazi kama mwenzake. Nami nashikilia hilo. Ukitaka kumvika kanga, mtandikie kwanza ailalie, aizoee. Akilaza masikio au akifyata mkia, ivue.

Coco Beach ni pazuri, lakini wapo wanaoogopa mbwa, na wapo ambao mate yake yatawalazimu kujitwaharisha kabla ya kuswali. Nenda mapema, kamba mkononi, na usimfungue.