Hoteli mpya inakuja Shela? Anza na maji

Ukiskia ploti imeuzwa karibu na vilima vya mchanga Shela, hapa kisiwani Lamu, usingoje mpaka mawe yashushwe jahazini. Jamani ile michanga ndo tangi letu, mvua inazama mle na visima vinavyonywesha mji wa Lamu viko hapohapo, hoteli ikivuta maji mengi ya swimingipuli na bustani basi chumvi inapanda kisimani na kuitoa tena si leo wala kesho.

Kwahivyo nenda NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, uombe ripoti ya athari za mazingira, ni haki yako, ufungue moja kwa moja pale pa maji: kisima watachimba wapi, lita ngapi kwa siku, maji taka yanaenda wapi. Wakiandika shimo tu mchangani kataa, dai mtambo wa kuyasafisha na birika za kuvuna mvua.

Maoni yaandike, usiishie barazani, na ubaki na kopi. Leseni ikitoka hujaridhika una siku 60 za kwenda tribunali ya mazingira, huko ndo 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu ilifutwa, sababu kubwa wananchi hawakushirikishwa vilivyo.

Na taa za ufuoni ziwe chini, zifunikwe upande wa bahari, vitoto vya kasa hufuata mwanga vikapotea.